Atelie ya Kadutu inayofufua makabati ya libuyu

Atelie hii iko Kadutu, mjini Bukavu, kwenye mteremko ulio chini ya soko kuu, na kazi yake si kutengeneza fanicha mpya bali kupokea makabati, vitanda na meza zilizochakaa na kuzigeuza kuwa mahali pa kuhifadhia vitu panapopendeza macho. Haina kibao barabarani. Wateja hufika kwa kuelekezana. Niliipelekea kabati la nguo lililokuwa limepoteza mlango mmoja, pamoja na droo nne za komodi ambayo mwili wake ulikuwa umeliwa na mchwa, nikitaka kabati liwe la viatu, miavuli na mashuka, na droo ziwe rafu za ukutani. Nimeridhika na kazi, ila kuna mambo ambayo mteja asipoyataja kwa kinywa chake hayatafanywa.

Nianze na mbao, kwa sababu hizo ndizo zinazoamua kama fedha itakuwa imetumika vizuri. Nyumba kadhaa za Ibanda, hasa upande wa Muhumba, zilijengwa mji ulipokuwa ukiitwa bado Costermansville, na humo bado hutolewa fanicha za libuyu au muvula, miti ya msituni ambayo ubao wake mpana siku hizi si rahisi kuupata, na ukiupata bei yake inakurudisha nyumbani. Kabati langu ni la libuyu. Fundi mkuu, ambaye vijana wake wote humwita Papa, aliipindua droo moja chini juu kabla hata ya kuzungumzia malipo, akanionyesha pembe zake: meno yaliyochongwa kwa mkono, yameingiliana kama vidole vya mikono miwili, bila msumari hata mmoja. “Mama, hapa hata gundi ikikauka na kupasuka, ubao wa mbele hauchomoki,” aliniambia. Kijana mmoja aliyekuwa amefika na kabati la mbao za kugandamizwa, zile za unga wa mbao na gundi, alirudishwa nalo. Miguu ya kabati hilo ilikuwa imevimba kwa maji, na mbao za namna hiyo zikishavimba hazishiki tena skrubu. Fundi anayekataa fedha kwa sababu hiyo anastahili kuaminiwa, na kwangu hilo lilipita mapambo yote aliyonionyesha baadaye.

Kabla ya kuondoa vanishi ya zamani alilowesha kitambaa kwa spiriti akakigusisha nyuma ya mguu wa kabati, mahali pasipoonekana. Vanishi ikaanza kunata. Hiyo ilikuwa shelaki, ambayo huyeyuka kwa spiriti, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuikwangua kwa msasa na kula unene wa mbao. Droo za komodi, kinyume chake, zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, na vijana walianza kuzipiga msasa zikiwa kavu, pua wazi, vumbi likielekea walipokuwa wakicheza watoto wa jirani. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi. Niliomba walowanishe droo kwanza na kutumia msasa wa maji. Walikubali bila ubishi, jambo linaloonyesha kwamba hawakosi nia, wamekosa mazoea tu.

Sehemu waliyoifikiria vizuri kuliko zote ni ile ya viatu. Mvua za Bukavu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na viatu huingia nyumbani na tope la mteremko mzima. Badala ya rafu ya ubao mzima, fundi aliweka fito zilizoachana kidogo na kuinama kuelekea mbele, na chini yake sinia ya bati inayovutwa kama droo, ambayo maji na udongo hudondokea humo na kumwagwa nje. Upande uliokosa mlango ameuacha wazi kuwa rafu, na ubao wa nyuma ametoboa matundu ili hewa ipite na mashuka yasishike ukungu. Droo iliyobaki ndani ya kabati ilikuwa ikikwama. Aliiranda ubavuni kidogo tu, akasugua mshumaa kwenye njia zake, na sasa naivuta kwa kidole kimoja.

Rafu za ukutani zimependeza. Kila droo imetandikwa kitenge kwa ndani, na kimekatwa kwa namna ambayo ua lake kubwa linakaa katikati. Mwulize fundi anakigandisha kwa kitu gani: desturi yao ni uji wa unga wa ngano, ambao mende huupenda, nami nililipia gundi nyeupe ya mbao.

Nisichokubaliana nacho ni mapenzi yao ya rangi nyeupe. Wangeachiwa, wangelipaka kabati zima, kwa kuwa ndivyo wateja wanavyoomba. Kuifunika libuyu, yenye wekundu wake na mistari inayobadilika kadiri mwanga unavyosogea, ni kulipia mbao nzuri kisha kuzificha. Rangi ibaki ndani, ambako inasaidia kuona vitu. Bawaba nazo ziangaliwe. Zile za shaba za asili ziliondolewa na kuwekwa za bati jepesi, nikalazimika kudai za kwangu zirudishwe, na bila kudai sidhani kama ningeziona tena.

Kosa kubwa zaidi ni kwamba kabati refu linakabidhiwa bila vyuma vya kulifunga ukutani. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliutikisa mji huu na kuua watu, na aliyelikumbuka halali karibu na kabati lisilofungwa. Hata bila tetemeko, mtoto anayezivuta droo zote kwa pamoja na kuzipanda anaweza kulivutia juu yake. Agiza vyuma viwili vya pembe tangu mwanzo, na uhakikishe vinaingia kwenye tofali, si kwenye plasta peke yake.

Nililipa dola 90 kwa kabati na dola 12 kwa kila rafu, nusu mwanzoni na nusu wakati wa kupokea. Ubebaji hauko katika bei hiyo: elewana na wabebaji mwenyewe, na umwombe fundi aondoe milango kabla hawajaanza kupandisha mzigo.