TAHADHARI: Wanauza mafaili ya "kurekebisha chumba" bila kupima chumba chako

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, kuna muuzaji anatangaza mafaili ya kunyoosha sauti ya spika za nyumbani kwa kompyuta, yaani yanayopunguza au kuongeza baadhi ya sauti ili zilingane na chumba. Anakuuliza una spika gani, anapokea hela, anakutumia faili, basi. Kipimo cha chumba haombi hata kimoja. Msimlipe.

Nimekagua mafaili aliyowauzia jamaa zangu wawili. Mmoja chumba chake kina urefu wa mita 5, mwenzake mita 4. Faili ni lilelile, limebadilishwa jina tu. Utapeli wenyewe ndio huo, kwa sababu besi (sauti nzito) hufuata vipimo vya chumba. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, na ukigawanya hiyo kwa mara mbili ya umbali wa kuta, kuta zilizo umbali wa mita 5 huanza kuvuma karibu na hezi 34 (mitetemo 34 kwa sekunde), na za mita 4 karibu na hezi 43. Faili linalopunguza hezi 34 litamfaa nini mwenye chumba cha mita 4? Linamnyima besi palipokuwa sawa, mvumo unaomsumbua unabaki palepale.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba faili hilo limeongeza desibeli 12 (kipimo cha ukubwa wa sauti) sehemu moja ya besi, eti kuziba shimo, yaani mahali besi inaposikika hafifu. Kila desibeli 10 unazoongeza, amplifaya inadaiwa nguvu mara kumi: penye wati 5 sasa zinatakiwa 50. Na shimo lenyewe mara nyingi halizibiki, maana linatokana na sauti ya spika kukutana na ile inayorudi ukutani zikafutana. Ukipandisha moja, nayo nyingine inapanda. Unaunguza spika bure.

Msidanganyike na grafu zake. Ule mstari mzuri wa "baada" ni makadirio ya programu, na umelainishwa mpaka milima na mabonde yote yamepotea. Mdai kipimo kipya cha maikrofoni, kilichochukuliwa kwenye kiti chako faili lake likiwa limewashwa. Akianza kuzungusha maneno, achana naye.

Anauza pia maikrofoni za kupimia zenye faili la usahihishaji, linalorekebisha makosa ya maikrofoni yenyewe. Hakikisha namba iliyo kwenye faili ndiyo iliyo kwenye maikrofoni.

Kazi hii ikifanywa kwa haki inasaidia sana, hasa kwenye besi, na wapo wanaoifanya vizuri hata kwa mbali. Lakini wote huanza na vipimo. Mifumo ya kurekebisha sauti ya chumba kama Dirac Live na Audyssey huanza na maikrofoni. Programu ya kupimia ya Room EQ Wizard unaipata bure, ukapima mwenyewe.

Kama tayari umeshaliweka faili lake, lizime kwanza kabla ya kufungua sauti kubwa. Hifadhi mazungumzo na risiti, kisha dai urudishiwe hela kupitia njia uliyolipia.