Stirner au Kropotkin: kilichopo kwanza ni mtu au watu?

Waandishi hawa wawili ni waanakisti, yaani wanaipinga dola, ila wakikaa baraza moja pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, kahawa ingepoa wakibishana juu ya ontolojia, yaani nini kipo kweli. Stirner, Mjerumani, alidai mwaka 1844 kwamba aliyepo ni mimi. Dola, taifa, hata ubinadamu ni mizuka ya kichwani. Hoja kali, lakini huyo "mimi" kafunzwa kusema na nani? Kropotkin, Mrusi aliyechunguza wanyama Siberia, aliandika mwaka 1902 kuwa kusaidiana kumo katika maumbile yenyewe. Nenda Nungwi ngalawa ikivutwa pwani: askari hayupo, na mpita njia hutia mkono. Miye niko na Kropotkin. Stirner angeuliza tu, na haki anayo: na asiyetaka kuvuta je?