Mitambo ya kukodi kwa tamasha dogo la jazi Kigamboni: tathmini baada ya miaka 3

Tathmini hii inahusu huduma ya kukodisha mitambo ya muziki inayotolewa na karakana moja ya Kinondoni, ambayo sisi waandaaji wa tamasha dogo la jazi huko Kigamboni tumeitumia kwa miaka 2 mfululizo, baada ya kuumizwa na karakana nyingine katika mwaka wa kwanza. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa nina ya kuisifu na nina ya kuilaumu, na mwenye mali hayupo hapa kujitetea. Msomaji anayetafuta mitambo atajua, hata bila jina hilo, mambo ya kuuliza popote atakapokwenda kukodi.

Tamasha letu ni la siku 2, Ijumaa na Jumamosi, katika uwanja wa mchanga ulio umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kivukoni. Tunalifanya Julai, masika yakiwa yameisha na vuli haijafika. Kamati ina watu 5 na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuwa promota. Tulipokaa mara ya kwanza kujadili kama jambo hili linawezekana, mmoja wetu alikuja na mifano ya ughaibuni: Newport, mji wa pwani huko Rhode Island, Marekani, ambako George Wein alianzisha tamasha la jazi mwaka 1954, na Marciac, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa wenye wakazi wapatao 1,200 tu, ambao umekuwa na tamasha lake tangu 1978. Mhasibu wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakumbusha kwamba huko Newport kulikuwa na Louis na Elaine Lorillard, wenyeji wenye fedha waliofadhili shughuli ile, akauliza Lorillard wetu anaishi mtaa gani wa Kigamboni. Swali hilo halijapata jibu hadi leo, na ndiyo maana kila shilingi inayokwenda kwenye mitambo tunaiona ikiondoka.

Jambo jingine ambalo mkodishaji yeyote anapaswa kulielewa ni kwamba neno jazi hapa Dar es Salaam lina mizigo miwili. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu 1932 na NUTA Jazz ilianza 1964, na hizo zilikuwa bendi za muziki wa dansi, zenye magitaa, tumba, wapulizaji na safu ya waimbaji. Sisi tunachukua maana zote mbili: Ijumaa wanapiga vijana wa saksafoni, kibodi, besi na dramu, watu 4 tu jukwaani; Jumamosi inapanda bendi ya dansi ya watu 11, yenye gitaa la solo, la pili, la rithimu na la besi, tumba, dramu, wapulizaji 2 na waimbaji 3. Mitambo inayowafaa wa Ijumaa haitoshi kwa wa Jumamosi, na anayekuuliza tu una wageni wangapi, bila kuuliza nani anapiga nini, hajajiandaa kukuhudumia.

Mwaka wa kwanza tuliulizwa hivyo hivyo: wageni wangapi? Tukajibu 400. Tukapewa bei ya shilingi 900,000 kwa siku 2, tukaona tumeokota. Ikaja kenta imesheheni spika 8 kubwa kama makabati, za aina ile inayotikisa mabati kwenye vigodoro, pamoja na maiki 6 na kijana mmoja aliyewasha kila kitu, akaketi juu ya kasha na kuanza kuchezea simu. Besi ilisikika mpaka ng'ambo ya maji. Saksafoni haikusikika hata na aliyekuwa anaipiga. Kila mwimbaji aliposogea mbele maiki ilianza kulia ule mlio mkali unaotokea inapoidaka tena sauti inayotoka kwenye spika na kuirudisha ilikotoka, na kijana yule akawa anaukata kwa kushusha kila kitu, pamoja na sauti ya mwimbaji mwenyewe. Watu walianza kuondoka saa tatu na nusu, na kwa haki kabisa.

Kwa hiyo mwaka wa pili tulikwenda Kinondoni kwa tahadhari. Karakana yenyewe haina mapambo: chumba kirefu chenye feni, kebo zilizoviringishwa na kuning'inizwa kwenye misumari kwa mpangilio wa urefu, na mzee mmoja aliyekuwa akiuma waya kwa koleo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso, akauliza, "Wapulizaji wangapi?" Nikamwambia saksafoni moja Ijumaa, saksafoni na tarumbeta Jumamosi. "Tumba ngapi? Anapiga kwa mkono au kwa fimbo? Kibodi inatoa sauti upande mmoja au pande mbili? Uwanja unatazama wapi?" Sikuwa na jibu la swali la mwisho. Aliweka koleo chini na kuniambia kwamba basi hatuwezi kuzungumza bei, akaomba nauli ya kwenda Kigamboni na kurudi. Huyo ndiye fundi mitambo wao, na kwa maoni yangu yeye ndiye huduma yenyewe. Spika ni vyombo vyake tu.

Alipofika uwanjani alisimama kidogo akiusikiliza upepo. Julai ni msimu wa kusi, na mwaka uliotangulia tulikuwa tumeweka jukwaa upande wa maji, kwa sababu ya mandhari, jambo lililomaanisha kwamba upepo ulikuwa ukiirudisha sauti kwa wanamuziki na spika zilikuwa zikitazama nyumba za watu. Alilihamishia upande wa kusini. Kusi ikawa inasukuma sauti kuelekea kwa wasikilizaji, na spika zikawapa majirani kisogo. Badiliko hilo halikutugharimu chochote zaidi ya nauli yake, na mwaka huo mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye mwaka wa kwanza alikuja kulalamika akiwa na msafara, alikuja na mkewe akaketi.

Kazi aliyoifanya siku ya Ijumaa naikumbuka kwa undani. Alianza kupima sauti saa nane mchana kwa kundi litakalopiga mwisho, akamalizia na litakalopiga kwanza, ili hao wa kwanza wapande jioni wakute kila kitu kimebaki kama walivyokiacha. Kijana wa saksafoni alipotaka maiki itumbukizwe kwenye mdomo wa chombo, ule mpana wa mbele, mzee alimkatalia kwa upole. Alimweleza kwamba saksafoni haitoi sauti mdomoni peke yake, bali katika matundu yote yaliyo wazi, na maiki iliyotumbukizwa mdomoni itasikia noti za chini zikinguruma na za kati zikipotea. Akaiweka kama futi moja kutoka kwenye chombo, ikielekea sehemu ya vidole, akaivalisha sponji kwa ajili ya upepo. Kisha akaiacha mikisa, mtambo wa kuchanganya na kurekebisha sauti, akatembea mpaka kwa mama anayekaanga mihogo mwisho wa uwanja, akasimama hapo na kuinamisha kichwa. Alirudi na kuchelewesha spika za nyuma. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliyeketi mita 34 kutoka jukwaani husikia noti ikiwa imechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Spika ya nyuma ikitoa noti hiyo papo hapo, msikilizaji anapata dramu mbili, moja ya sikio na nyingine ya mwangwi. Baada ya marekebisho hayo, mama wa mihogo alisikia dramu moja.

Kuhusu umeme nitakuwa mfupi. Tulipowasha tu, spika zilikuwa na mvumo mzito usioisha, na tukadhani zimeharibika. Kumbe mikisa ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya mgahawa wa jirani huku jukwaa likitumia laini nyingine. Aliviunganisha vyote kwenye laini moja, mvumo ukakatika. Alikuja pia na kifaa chenye betri cha kushikilia mikisa na kibodi kwa dakika chache, kwa hiyo umeme ulipokatika saa mbili na robo taa zilizimika, lakini kibodi haikurudi mwanzo, na jenereta ilipowaka mpigaji aliendelea na mlio uleule aliokuwa ameuchagua. Plagi alizifuta kwa kitambaa kabla ya kuzichomeka, kila moja, akilaani chumvi ya bahari.

Sasa niseme yasiyonifurahisha. La kwanza ni kuchelewa. Miaka yote 2 gari lao lilitakiwa kufika saa nne asubuhi na likafika baada ya adhuhuri, kwa sababu walichagua foleni ya kivuko badala ya kuzunguka kupitia Daraja la Nyerere na kulipia tozo. Ni akiba ndogo kwao na hasara kubwa kwetu, maana saa 2 zinazopotea hukatwa kwenye muda wa kupima sauti na si mahali pengine; mwaka wa tatu mzee alilazimika kupima kundi la kwanza huku watu wakiwa wameanza kuingia. La pili ni monita, zile spika zinazowatazama wanamuziki ili wasikie wanachopiga. Kwa bendi ya watu 11 walileta monita 4, na wapulizaji waliokuwa nyuma walipiga wakikisia. Tulipouliza tukaambiwa zilizobaki ziko kwenye shughuli nyingine, jibu ambalo tungelikubali kama tungelipewa kabla ya kulipa malipo ya awali.

La tatu ndilo zito. Jumamosi ya mwaka wa tatu, usiku wa bendi ya dansi, mzee hakuja. Alikuwa amepelekwa kwenye harusi Mbezi, na badala yake akaja kijana mwenye adabu, mchapakazi, aliyezoea singeli. Spika zilikuwa zilezile, maiki zilezile, jukwaa mahali palepale. Alipandisha besi mpaka viti vya plastiki vikawa vinatembea, akapandisha waimbaji, na gitaa la pili likatoweka. Asiyejua muziki wa dansi atasema magitaa yaliyobaki yanatosha. Lakini la pili ndilo linalojibizana na solo, na likikosekana wimbo unabaki kama mtu anayezungumza na ukuta. Mzee mmoja mwenye kofia, mteja wetu wa tangu mwaka wa kwanza, aliinuka kwenye kiti chake, akamwendea yule kijana na kumuuliza, "Mwanangu, hilo gitaa la pili umelifunga, au mpigaji amefariki?" Kijana alicheka, akainua kitufe, na kwa nyimbo 2 hivi tukapata tulichokuwa tumelipia.

Jumatatu nilikwenda Kinondoni nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Mwenye karakana alinisikiliza, akatoa mkataba wetu kwenye faili na kuniwekea mezani. "Dada, nisomee. Umeandika spika 6, maiki 16, monita 4, jenereta 1. Mtu hukuandika." Alikuwa na haki kwenye karatasi, na nilimwambia hivyo, nilimwambia pia kwamba anajua fika ni nani anayeturudisha kwake. Hakubishana zaidi. Alirudisha shilingi 200,000 kati ya 1,800,000 tulizolipa, kwa njia ya simu, kabla sijafika kwenye kituo cha daladala. Kurejeshewa fedha bila kusukumana ni jambo ambalo sijalipata kwa mtoa huduma mwingine yeyote katika shughuli hii, wa turubai, wa vyoo, wala wa viti.

Kwa anayepima gharama: bei yao ni mara mbili ya ile ya mwaka wetu wa kwanza, inajumuisha usafiri, ufungaji na fundi, wanataka nusu mapema, na wanatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila kuombwa mara mbili, jambo ambalo mfadhili wetu mdogo huliulizia kabla hajauliza nani alipiga. Kwa harusi, mkutano au muziki wa kuwekwa kwenye kompyuta sioni sababu ya kulipa kiasi hicho, kwa kuwa wapo wa bei nafuu watakaokutosheleza. Kwa bendi inayopiga vyombo, hasa yenye wapulizaji na magitaa zaidi ya mawili, ningewarudia wao kabla ya kutafuta kwingine, ilimradi gari lipite darajani na monita zihesabiwe siku ya kutia saini.

Sisi tumekwisha kuwarudia. Katika mkataba wa mwaka wa nne mstari wa kwanza ni jina la fundi, siku zote 2, na spika zimeshuka hadi mstari wa tatu. Mwenye karakana aliusoma, akatabasamu, akatia saini. Jioni ile ile mzee alinipigia simu akitaka kujua kama mpiga tumba wa bendi ya Jumamosi ni yule yule wa mwaka juzi, maana kama ni yeye atahitaji stendi fupi.