Matufaha ya Kabale, Uganda, kwenye kibanda cha soko la Nakasero, Kampala

Kama umezoea yale mekundu ya Afrika Kusini yenye kibandiko na mng'ao wa kioo, sura ya haya haitakuvutia. Ni madogo, ya kijani yenye wekundu upande mmoja, mengine yana makovu. Lakini ng'ata! Yanalia kruu, maji yanakuchuruzika kidevuni, na uchachu wake unaamsha ulimi.

Nnyabo (mama) muuzaji, Mkiga (kabila la kule Kabale) wa maneno machache, aliniambia ni aina ya Anna. Hiyo ilizalishwa Israeli kwa sehemu zisizo na baridi kali, ndiyo maana inakubali milima ya Kigezi, eneo la Kabale. Kule hakuna majira ya baridi ya kuulaza mti, kwa hiyo mkulima huupukutisha majani kwa mkono ili uchanue upya. Kwa jasho hilo, nani atabishana bei? (Nilibishana, ila kidogo.) Tulikubaliana shilingi 1,000 kwa tunda. Ya Afrika Kusini pale jirani yalikuwa 1,500, na mara nyingi ndani ni unga mtupu.

Hata hivyo, kumpelekea mgonjwa hospitalini bado nanunua yale mekundu. Wakwe hutazama kibandiko kwanza.

Lawama yangu ni moja: kavera (mfuko wa plastiki) aliyonifungia haraka haraka ilikuwa na mawili yaliyopondeka chini. Nenda asubuhi, uchague mwenyewe moja moja, na usinunue ya wiki nzima, maana Anna hulainika upesi.