Skana ya dola 15 iliyoniepusha kununua papiyo: uzoefu wangu Lubumbashi

Nina miezi minane naitumia skana hii ndogo, ile unayochomeka chini ya usukani ukasoma shida za gari kwenye simu. Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye gari lake la 4x4 limewahi kumwandikia kwenye dashibodi kwamba nguvu ya injini imepunguzwa, kisha likakataa kukimbia. Mimi liliniandikia hivyo nikiwa barabarani na mgonjwa.

Gari langu ni la Kimarekani, la mwaka 2008, la petroli, silinda sita. Nililipenda kwa sababu usukani uko kushoto. Hapa kwetu tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yanayotufikia kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia yana usukani wa kulia, na kulipita lori huku umekaa upande wa majani ni kumwachia Mungu kazi.

Mwezi wa Novemba, mvua zimeshaanza, nilikwenda Likasi kumchukua mama yangu mzazi nimlete kwa daktari. Alikuwa amelala kiti cha nyuma. Tulipofika karibu na Luisha nikatoka nyuma ya lori la shaba ili nilipite, nikakanyaga mafuta, gari halikuitika. Pedali ilishuka mpaka chini kama nakanyaga mto wa kulalia. Maandishi yakatokea kwenye dashibodi, taa ya injini ikawaka, mwendo ukashuka hadi 40 kwa saa. Nyuma yangu kulikuwa na lori lingine limejaa mzigo, linapiga honi mfululizo. Nilirudi upande wangu, nikasogea mpaka pembeni, mikono inatetemeka. Nilizima gari, nikangoja kidogo, nikawasha tena: likawa zima kabisa, kama halikuwa na lolote. Baada ya kilomita 20 likarudia. Likasi na Lubumbashi ni kama kilomita 120. Siku ile zilinichukua karibu saa nne, na kila nilipopunguza mwendo mama aliuliza kama tumefika.

Nilikwenda garaji ya kwanza. Fundi alileta valizi yake kubwa, ile mashine ya garaji ya kusoma shida za gari, akachomeka, akatazama, akasema: "Mama, papiyo imekufa, tubadilishe tu." Papiyo ni kile kifaa kinachopitisha hewa kuingia kwenye injini; ya mtumba dola 280, kazi dola 40. Kupima peke yake nilikuwa nimeshalipa dola 30. Nikamwomba aniandikie ile namba ya shida aliyoiona. Akajibu kwamba namba hainisaidii mimi, ni ya mafundi. Nikaenda garaji ya pili. Wao wakasema papiyo ni nzima, ugonjwa uko kwenye pedali. Gari moja, dalili moja, majibu mawili, na hakuna hata mmoja aliyefungua kapo, kifuniko cha injini, akashika waya. Iliniuma sana, kwa sababu zile dola 320 za papiyo ndizo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya vipimo vya mama.

Aliyenitoa hapo ni kijana wa jirani yetu wa Katuba, aliyesomea umeme shule ya ufundi. Aliniambia: "Mama, usitoe pesa kwanza. Tutafute ile namba." Skana tuliinunua mjini kwa dola 15. Ni kidude cheusi kinachoingia kwenye kiganja, hakina kioo wala waya. Unakichomeka kwenye tundu la miguu 16 lililoko chini ya dashibodi, upande wa dereva, unakiunganisha na simu kwa Bluetooth, unafungua programu, basi. Tundu hilo liko kwenye magari yote madogo yaliyouzwa Marekani tangu toleo la mwaka 1996, kwa sababu sheria yao ililazimisha. Gari langu liliungana nacho mara ya kwanza tu.

Namba zilikuwa mbili: P2135 na P0222. Nilizinakili kwenye daftari kabla ya kugusa kitu kingine. Tafadhali nawe fanya hivyo, kwa maana ukibonyeza kufuta, vinakwenda vyote, hata kumbukumbu ya mwendo na joto la injini pale shida ilipotokea.

Hapa ndipo nilipoanza kulielewa gari langu. Katika magari haya hakuna kebo inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye injini kama zamani. Ukikanyaga, pedali inapeleka habari ya umeme kwa kompyuta, na kompyuta inaamuru mota ndogo ifungue papiyo, ile sahani ya chuma inayoruhusu hewa kuingia. Ili kompyuta iwe na uhakika sahani iko wapi, imewekewa kapteri mbili, yaani vipimaji vya umeme, zinazopima kitu kilekile. Katika magari mengi moja volti zake hupanda sahani inapofunguka, nyingine hushuka. Kompyuta inazilinganisha saa zote. Zikitofautiana inaona kuna mmoja asiyesema kweli, na haijui ni nani. Basi inachagua usalama: inakunyima nguvu, inakuachia za kujikokota tu, maana hatari kubwa zaidi ni sahani kubaki wazi ukiwa unataka kusimama. P2135 maana yake ni kwamba hizo kapteri mbili hazikubaliani. P0222 maana yake ni kwamba umeme wa kapteri B, yaani ile ya pili, uko chini kuliko inavyotakiwa.

Soma tena hizo maana mbili. Hakuna mahali namba inaposema papiyo imekufa. Inasema umeme wa kapteri fulani haufiki vizuri. Kapteri yenyewe inaweza kuwa mbovu, ni kweli, lakini pia waya, au fishi, ile plagi inayounganisha waya na kifaa, au masi, waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Na waya ni bei rahisi kuliko papiyo.

Kijana aliweka kontakti, yaani alizungusha ufunguo umeme ukawaka, bila kuwasha injini, akafungua kwenye simu ukurasa unaoonyesha kapteri zote mbili zinavyosoma papo hapo. Mimi nilikaa kwenye usukani nimeshika simu, nikaambiwa nikanyage pedali polepole mpaka chini, kisha niachie polepole. Asilimia za kufunguka kwa sahani zilipanda na kushuka pamoja, laini, bila kuruka. Nikasema moyoni, basi gari ni zima, tutarudi kule kule. Ndipo akaenda mbele, akashika fungu la waya zinazoingia kwenye papiyo, akaanza kulitikisa kidogo kidogo, sentimita chache kila mara, akitokea kwenye kompyuta kuja kwenye fishi. Mimi macho kwenye simu. Alipofika kwenye fishi na kuisukuma upande wa kushoto, asilimia ya kapteri ya pili ikaanguka mpaka sifuri. Akaiachia, ikapanda. Akaisukuma, ikaanguka. Nilipiga kelele: "Njo hapo! Njo hapo!" hata watoto wa jirani wakaja kuangalia.

Akatoa waya hasi wa batri, kisha akafungua fishi. Ndani, kipini kimoja kilikuwa kijani. Sisi watu wa Katanga, nchi ya shaba, hatuhitaji kufundishwa rangi ile. Ni kijani cha malakiti, lile jiwe la shaba: shaba iliyokutana na maji na hewa. Mpira mwembamba unaozuia maji usiingie kwenye fishi ulikuwa umepasuka, na mimi nilikuwa na desturi ya kuwapa vijana wa kuosha magari ruhusa ya kupiga maji ya nguvu hadi ndani ya kapo. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia, maji yanalishika, shaba inaoza taratibu, na barabara ikitikisa gari mguso unakatika. Ndiyo maana lilikuwa linapona likizimwa.

Siku ile aliisafisha fishi kwa dawa ya kupuliza ya viungo vya umeme na brashi ya meno. Kesho yake tukapata fishi nzima yenye vipande vya waya kwenye gari lililochinjwa, dola 10. Akaunga waya moja moja kwa risasi, kila kiungo mahali pake ili visigusane, akavivisha mipira inayobana kwa moto. Aliporudisha batri injini ilinguruma vibaya dakika chache, kisha ikatulia. Tukafuta namba. Kijana hakutaka pesa, nikampa hivyo hivyo, maana kazi ni kazi.

Sasa niseme skana yenyewe ilivyo. Nimeridhika nayo sana, lakini usiinunue ukidhani ni valizi ya garaji. Yangu inasoma injini tu. Taa ya breki au ya mifuko ya hewa ikiwaka haisemi kitu. Ukiiacha imechomeka gari likilala siku kadhaa, inaendelea kunywa batri. Aina hii ya Bluetooth inafanya kazi vizuri na simu za Android. Mwenye iPhone aulize ile ya Wi-Fi au inayosema wazi kwamba inakubali iPhone. Na wenye magari ya zamani kidogo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ni mengi hapa mjini, jaribuni kwanza kabla ya kulipa, kwa kuwa mengine hayaungani nayo kabisa hata tundu likifanana.

Tena, gari lako likiandika maneno kama ya kwangu, usidhani lazima ni fishi. Rafiki yangu alipata namba nyingine, na kwake batri ndiyo ilikuwa imechoka. Kompyuta ikikosa umeme wa kutosha huchanganyikiwa. Injini ikiwa inazunguka, skana ionyeshe kati ya volti 13.5 na 14.5, ikishuka sana chini ya hapo, tazama altaneta na masi kwanza. Mwingine papiyo yake ilikuwa imejaa masizi meusi, ikasafishwa kwa kitambaa na dawa yake, ikapona. Lakini usiisukume sahani kwa kidole kontakti ikiwa imewekwa: mota ile inafunga ghafla na ina nguvu ya kuumiza. Wenye dizeli waanze na filtri ya mafuta na mipira ya turbo, huko ndiko shida za nguvu huanzia mara nyingi.

Tangu siku ile nimekwenda Likasi mara tano, mbili kati ya hizo mvua ikinyesha njia nzima. Namba hazijarudi. Mwezi uliopita nilimrudisha mama yangu kwake, na safari hii alikaa mbele. Tulipokuwa tunalipita lori karibu na Luisha alishika mkanda wake kwa mikono miwili, akanitazama. Gari likaitika.