Rangi bapa au rangi ya brashi kwa muuza kahawa wa Mji wa Kale

Mhusika wetu wa mchezo wa video ni muuza kahawa wa Mji wa Kale, Mombasa: dele, yaani birika la kahawa, mkono mmoja, vikombe vikigonganishwa mkono wa pili. Tumchoreje?

Rangi ya brashi humpa uhai wa karibu. Mikunjo ya kanzu na kutu ya dele huchorwa kwa mkono, kivuli kikiwa ndani ya picha yenyewe. Ila kivuli cha adhuhuri hakibanduki magharibi ikiingia, na kubadili kanzu ni kupaka upya.

Rangi bapa, yaani rangi moja isiyokolezwa taratibu, kivuli kikikatwa kwa ukali, ndiyo ninayoipenda. Mchezo wa The Wind Waker wa Nintendo ulitoka Japani mwaka 2002 kwa mtindo huu, na hadi leo unapendeza macho. Rangi bapa inakulazimisha ufikirie umbo kwanza. Mpake mhusika weusi tititi, umtazame kwa mbali: mdomo wa dele uliochongoka, kofia, bega lililoelemea upande mmoja. Umemjua. Mchezo wa Team Fortress 2 wa mwaka 2007 ulijali sana jambo hilo.

Mtihani ni wanawake wawili waliovaa buibui, kwani umbo lao kwa mbali ni moja. Hapo nategemea mwendo, na jinsi kila mmoja anavyoshika upindo.

Milango ya nakshi tu ndiyo ningeiachia brashi.