Makundi ya wakusanyaji wa sarafu za zamani: nililobaki nalo na niliyotoka

Ukiwa Tabora na unapenda sarafu za Mjerumani, hutakosa kundi la WhatsApp la kuingia. Yako tele. Tatizo ni yanayozungumzwa humo, uzushi mtupu: hujakaa saa moja, mtu anatangaza rupia inayovuta mchele, mwingine anatafuta zebaki nyekundu, wa tatu kaweka picha ya pasi ya mkaa yenye jogoo na anataka mamilioni. Nimetoka katika makundi ya namna hiyo bila hata kuaga.

Mimi nakusanya heller (vijisarafu vya Mjerumani vilivyo chini ya rupia) za 1916, zile zenye herufi T, yaani Tabora. Zilipigwa hapa hapa mjini, kwenye karakana ya reli, wakati Vita Kuu ya Kwanza imeifungia koloni njia ya kuletewa fedha kutoka Ujerumani. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakauteka mji. Iko na ya dhahabu, rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga. Zilitoka kama 16,000 tu, na hiyo ndiyo inayowatia watu wazimu na kuwaneemesha matapeli.

Kundi nililobaki nalo ni dogo, na kuingia kwake kuna mlango. Ukibonyeza linki, ombi lako linasubiri idhini ya admini. Anakuandikia: unakusanya nini? Kisha anataka picha ya sarafu yako moja, pande zote mbili, ikiwa juu ya karatasi uliyoandika jina lako. Wauza zebaki huishia hapo.

Kilichonivutia zaidi ni sharti la kuuza. Tangazo lazima liwe na picha za pande zote mbili, uzito kwa gramu na bei, hadharani. Ukiandika "bei njoo inboksi", linafutwa. Wengine waliona ni ukali, lakini gramu ndizo zinazomuumbua tapeli: rupia 15 halisi ina uzito wa gramu 7.2 hivi, na shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu kwa ukubwa ule ule haifiki hapo. Mizani ya sonara yeyote inatosha. Kwa heller 20, ambayo ni ya shaba, kuna sumaku. Ikinasa, hiyo si shaba, mwenye nayo aendelee na safari yake.

Ujumbe uliobandikwa juu kabisa unasema: USISAFISHE. Ukwaju na majivu ni vya sufuria. Sarafu iliyosuguliwa ikang'aa huwa imeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa mkusanyaji.

Siku hizi nasaidia uadmini nyakati za jioni, na kazi si kufuta tu. WhatsApp humruhusu admini kufuta ujumbe wa mtu kwa wote, lakini inabaki alama kwamba admini kafuta, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Kwa hiyo isipokuwa ni utapeli wa wazi, tunaanza pembeni: "Shikamoo mzee wangu, naomba tangazo lile tulirekebishe." Mtu mzima ukimkosoa mbele ya vijana atatoka, na atatoka na wenzake. Akikaidi, anapigiwa simu na admini mwenzangu, mwalimu mstaafu. Huyo hakaidiwi.

Jambo moja lizingatie kabla hujajiunga na kundi lolote: kwenye kundi la WhatsApp namba yako ya simu inaweza kuonekana kwa wanachama wote. Mwenye sarafu ya dhahabu asitaje mtaa anaoishi. Sisi tumekataza kabisa, na kukabidhiana mzigo ni dukani kwa sonara, mchana.

Telegram nimeijaribu pia. Namba unaweza kuificha, kundi linabeba hadi watu 200,000, na mgeni anaweza kusoma mazungumzo ya zamani yote, jambo ambalo kwa wakusanyaji ni hazina. Ila wazee wenye sarafu hawako huko. Wako WhatsApp, na ndio wanaojua kipande kipi kilitoka kwa nani.

Kundi letu nalipatia nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu hatuna kumbukumbu: mgeni haoni yaliyojibiwa zamani kabla yake, basi kila wiki anakuja mtu na swali la "hii heller 20 ya T ni shilingi ngapi?" na tunaanza upya kumweleza kwamba zilipigwa nyingi, bado zipo nyingi, asiende kuchukua kiwanja kwa mkopo.